Kusafisha dhahabu, silva na shaba nyumbani kwa vitu vya jikoni

Pete ya mtu anayepika kwa mawese kila siku ina uchafu wa peke yake. Igeuze, tazama chini ya jiwe: kuna utando wa rangi ya machungwa uliochanganyika na unga, jasho na mabaki ya sabuni, umejibana kwenye kona ambazo kitambaa hakifiki. Ukiiosha kwa maji ya baridi ya ndooni utando haubanduki, kwa sababu mawese huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzijoto 35 hivi. Ukiiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, unaanza kuachia wenyewe kabla hujasugua. Wapo watu hapa Kigoma wanaobeba pete mpaka kwa sonara wakiamini dhahabu imefubaa, kumbe ni mafuta ya kupikia.

Kwenye magrupu ya WhatsApp dawa za kusafishia mapambo hazihesabiki: ndimu, dawa ya meno, siki, majivu, soda ya chupa, jiki. Baadhi zinafanya kazi kweli, lakini kila moja kwa madini yake. Ndimu inayoing'arisha bangili ya shaba ndiyo hiyo hiyo inayoila lulu. Kwa hiyo kabla ya kukata ndimu, jua kwanza umeshika nini.

Kutambua ulichonacho

Kaa mlangoni au dirishani penye mwanga wa mchana. Tafuta muhuri: kwenye pete uko upande wa ndani, kwenye mkufu uko karibu na kifungio, kwenye hereni uko kwenye kijiti kinachopita sikioni. Macho yakishindwa, piga picha kwa simu halafu ikuze. Namba 375 ni dhahabu ya karati 9, 585 ni karati 14, 750 ni karati 18, 875 ni karati 21 na 916 ni karati 22. Namba hizo ni sehemu za dhahabu katika kila 1,000, kwa hiyo pete ya 750 ina dhahabu asilimia 75, na robo iliyobaki ni shaba, fedha au madini mengine. Silva inayopigwa 925 ina fedha asilimia 92.5, na iliyobaki kwa kawaida ni shaba. Ukiona herufi GP, hiyo ni ya kuchovya: dhahabu iko juu tu, tena nyembamba sana.

Muhuri nao unaweza kughushiwa. Chukua sumaku, hata ile inayotolewa kwenye spika mbovu inatosha. Dhahabu, fedha na shaba hazivutwi na sumaku, hivyo mkufu ukiirukia, ndani yake kuna chuma. Ila pima mkufu wenyewe, usipime kifungio, maana vifungio vingi vina springi ndogo ya chuma hata kwenye dhahabu halali. Na mkufu usipovutwa, usishangilie bado: shaba iliyochovywa dhahabu nayo haivutwi. Kinachosema ukweli zaidi ni sehemu zinazosuguana, yaani upande wa ndani wa pete, kingo za bangili, na pale pingili za mkufu zinapokutana. Rangi ikiwa imechubuka hapo na chini pakaonekana pekundu au pa kijivu, ni ya kuchovya.

Halafu angalia jiwe. Lisukume kidogo kwa ukucha, au weka pete karibu na sikio uitikise taratibu. Ukisikia linagonga, limelegea; pete hiyo isioshwe nyumbani mpaka jiwe likazwe. Tazama pia limeshikwa na nini. Jiwe lililobanwa kwa vikucha vya madini, na nyuma yake pako wazi, huvumilia kuoshwa. Jiwe lililogandishwa kwa gundi mara nyingi nyuma yake pamezibwa kabisa, na gundi hiyo haitaki maji ya moto wala kulowekwa.

Ukishindwa kabisa kujua ni kitu gani, tumia maji ya vuguvugu, tone la sabuni na kitambaa laini, kisha ishia hapo.

Vya kuandaa

Weka bakuli mbili, mswaki laini wa mtoto ambao haujawahi kutumika kwa dawa ya meno, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na kipande cha khanga iliyochakaa. Khanga mpya bado ina wanga na ni ngumu. Iliyofuliwa miaka ndiyo inayofaa. Kama sabuni ya maji haipo, kwangua sabuni ya kipande, hata ile ya mawese inayotengenezwa hapa hapa mkoani, ikoroge kwenye maji mpaka iyeyuke yote. Sabuni ya unga ya kufulia iache. Ina chembe ngumu, na nyingine zina dawa ya kutakatisha.

Maji yenyewe yanastahili neno moja. Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi yaliyoyeyuka na yana ualkali, hivyo tone likikaukia juu ya dhahabu linaacha doa jeupe. Oshea maji yoyote uliyonayo, lakini ya mwisho ya kusuuzia yawe ya mvua iliyokingwa vizuri, au ya chupa. Ukikosa yote mawili, futa mara moja bila kuacha tone likauke lenyewe.

Kaa chini, tandika taulo ndani ya sinia, na bakuli zote ziwe juu ya sinia hilo. Usioshee pete bombani wala juu ya shimo la maji machafu. Sabuni inateleza, na jiwe dogo likichomoka hutalisikia.

Dhahabu

1. Chota maji ya vuguvugu, ya kiasi cha kumwogeshea mtoto mchanga, uweke matone mawili au matatu ya sabuni. Usisubiri yawe ya moto zaidi ukidhani yatafanya kazi haraka. Mawe hayapendi joto la ghafla.

2. Tumbukiza pete au mkufu kwa dakika 15. Pete ya mpishi, au iliyovaliwa wakati wa kukanda unga, iache nusu saa na ubadilishe maji katikati. Utaona juu ya maji kuna vijicho vya mafuta vya rangi ya njano. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakizuia mwanga usipite kwenye jiwe.

3. Sugua kuanzia nyuma. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanasugua uso wa jiwe, ambao hata kidole kingeweza kuufuta, wanaacha chini yake. Shika pete kwa vidole viwili, igeuze jiwe litazame chini, ingiza nywele za mswaki kwenye tundu la nyuma na uzichezeshe bila kukandamiza. Kitatoka kitu kizito cheusi. Chovya, sugua tena, mpaka mswaki utoke safi. Kisha pitisha kuzunguka vikucha, kila kimoja, ukiangalia kama kuna kilichoinuka. Kikucha kilichoinuka kinanasa nyuzi za nguo, na ndicho kitakachopoteza jiwe.

4. Mkufu uweke kiganjani, usugue kuelekea upande mmoja. Usiuvute. Mkufu mwembamba uliofungana fundo ufungue ukiwa umekauka, kwa sindano mbili na tone la mafuta ya nazi, ndipo uuoshe.

5. Hamishia bakuli la pili, suuza. Sabuni ikibaki inakauka na kuacha ukungu, na watu husema dhahabu haikutakata.

6. Bonyeza kwa khanga, usisugue kwa nguvu, uiache ikae kivulini mpaka kona za ndani zikauke. Nusu saa si nyingi.

Baada ya harusi kuna kazi ya ziada, nayo ni hina. Bibi harusi akipakwa hina huku pete au bangili ziko mkononi, tope lake linakauka ndani ya nakshi na kuwa gumu. Loweka mara mbili, kisha chokonoa kwa njiti ya kiberiti uliyoivunja kichwa. Usitumie pini wala sindano. Dhahabu ya karati 21 na 22, ambayo ndiyo inayopendwa kwenye mahari na kutunza, ni laini, na pini inaichora mstari usiofutika.

Dhahabu nyeupe isuguliwe kidogo kuliko nyingine. Weupe wake mara nyingi unatokana na tabaka jembamba la madini meupe ya rodiamu lililopakwa juu, na tabaka hilo likiisha pete inarudi kwenye umanjano hafifu. Kuiosha hakutarudisha weupe. Hiyo inatakiwa kuchovywa upya.

Hereni na vipini vya pua vinakusanya uchafu kwenye kijiti na kwenye kile kibanio cha nyuma. Kibanio kitoe, kioshe peke yake. Kabla ya kuvirudisha mwilini, kijiti cha dhahabu au stili kifutwe kwa pamba yenye spiriti ya hospitali, spiriti isiguse jiwe la gundi wala lulu.

Silva

Silva inaposhika weusi haijaoza. Fedha imeshikana na salfa, na salfa iko kila mahali: kwenye yai, kwenye kitunguu, kwenye moshi, kwenye mpira, na kidogo hewani. Ukiisugua mpaka weusi utoke, umeondoa na fedha pamoja nao. Njia iliyo bora inaunyang'anya ule weusi salfa yake na kuiacha fedha pale ilipokuwa. Kinachofanya kazi hiyo ni alumini, ambayo inaipenda salfa kuliko fedha inavyoipenda.

Unahitaji karatasi ya foili, bekingi soda, chumvi na maji ya moto. Angalia pakiti vizuri, maana bekingi pauda ni kitu kingine: imechanganywa na asidi na wanga, itakutolea povu bila kazi. Kama duka la karibu halina bekingi soda, magadi yale ya kuivishia maharage yanafaa pia. Tatizo la magadi ni mchanga. Ponda, yeyusha kwenye maji ya moto, acha yatulie, kisha yachuje kwa kitambaa kabla ya kuyatumia. Chini ya bakuli utakuta kijirundo cha kokoto na vumbi ambavyo vingechora silva yako yote. Magadi ni makali kwa ngozi kuliko bekingi soda, kwa hiyo tumia kijiko badala ya vidole.

Sasa utaratibu. Osha kwanza silva kwa sabuni kama ulivyoosha dhahabu, kwa sababu penye mafuta dawa haifiki. Tandika foili ndani ya bakuli la udongo au kioo kinachostahimili moto. Upande wowote ukiwa juu hakuna tofauti. Panga silva juu yake, kila kipande kiiguse foili. Nyunyiza kijiko kimoja cha chakula cha bekingi soda na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisha mwagia kikombe kimoja cha maji yaliyotoka kuchemka. Yatachemka povu na utasikia harufu ya yai viza. Usiogope, hiyo ni salfa inayoondoka. Ila fanyia uani au dirisha likiwa wazi.

Acha dakika mbili mpaka tano. Geuza kwa kijiko cha mbao. Pale palipogusana na foili panatangulia kung'aa, ndiyo maana kugeuza ni lazima. Silva iliyokaa sandukuni miaka mingi inaweza kuhitaji mara mbili au tatu, na kila mara foili mpya na maji mapya, kwa sababu foili iliyoingia weusi imeshachoka. Mwisho suuza, kausha, pitisha khanga kavu kwa mkono mwepesi.

Sufuria ya alumini peke yake nayo inaweza, bila foili. Lakini itabaki na madoa meusi, na sioni haja ya kuharibu sufuria ya ugali kwa ajili ya pete.

Kuna silva zisizostahili kuingia humo kabisa. Zenye lulu, marijani, feruzi au jiwe la gundi. Saa. Na zile zenye nakshi ambayo mabonde yake yametiwa weusi makusudi ili maua yaonekane. Njia hii haichagui: itang'oa weusi wa uchafu na weusi wa fundi kwa pamoja, na bangili itabaki nyeupe pee isiyo na ua. Hizo zifute kwa kitambaa chenye sabuni, juu juu tu.

Mapishi ya siki iliyochanganywa na bekingi soda yanapendwa kwa sababu yanafurika povu na yanapendeza kwenye video. Siki ni asidi, soda ni kinyume chake, zikikutana zinamalizana. Povu likitulia, bakulini umebaki na maji yenye chumvi ya aina fulani na soda au siki iliyozidi. Chagua moja, kulingana na kazi.

Shaba

Ndimu inaingia hapa, na hapa ndipo pake. Bangili na vikuku vya shaba viko vingi Kigoma, na si ajabu, ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na shaba ya Katanga imekuwa bidhaa ya biashara katika eneo hili kwa karne nyingi. Shaba inapopigwa na hewa na jasho inageuka kahawia, na ikiachwa na unyevu inaota kutu ya kijani. Kijani hicho ndicho kinachobaki mkononi. Kinatoka kwa sabuni.

Kamua ndimu mbili kwenye bakuli, tia kijiko cha chai cha chumvi, ikoroge mpaka iyeyuke. Watu wengi hukata ndimu, wakaichovya kwenye chumvi kavu na kusugua. Inafanya kazi haraka, lakini chumvi ya mawe inakwaruza, na bangili laini itaonekana na mikwaruzo juani. Iwe ni chumvi ya Uvinza au ya pwani, iyeyushe kwanza. Chumvi na asidi ya ndimu kwa pamoja zinayeyusha ile kutu, wakati ndimu peke yake inachukua muda mrefu zaidi.

Chovya kitambaa, futa bangili, uone rangi ikigeuka kutoka kahawia kwenda waridi mbele ya macho yako. Ni jambo la sekunde chache, wala halihitaji nguvu. Penye nakshi tumia mswaki. Ndimu ikikosekana, ukwaju uliolowekwa kwenye maji kidogo unafanya kazi hiyo hiyo, na wakati mwingine ni bora kwa sababu ule uji wake mzito unakaa juu ya bangili bila kuchuruzika.

Dakika mbili zikipita, suuza. Halafu tumbukiza kwenye maji yenye bekingi soda au magadi yaliyochujwa kuua asidi iliyobaki, suuza tena, kausha kabisa. Watu wanaoiruka hatua hii ndio wanaolalamika kwamba bangili imerudi kuwa nyeusi kesho yake.

Shaba ya njano usiiloweke kwenye ndimu. Ina zinki ndani yake, na asidi ikikaa nayo muda mrefu inaitoa zinki, shaba nyekundu inabaki juu, na bangili yako ya njano inapata mabaka ya waridi. Futa, suuza, basi. Na kama ndimu haileti mabadiliko yoyote, huenda bangili imepakwa vanishi. Hapo sabuni tu.

Ili ing'ae muda mrefu kidogo, paka mafuta ya mise (ya kiini cha mbegu ya mchikichi) au ya nazi kwa ncha ya kitambaa, kisha futa mpaka mkono usihisi utelezi.

Lulu, shanga na vitu vya baharini

Lulu, kauri, simbi na marijani vimejengwa kwa chokaa ya aina moja, na asidi inaila chokaa. Tone la ndimu au siki linatosha kuiondolea lulu mng'ao wake, nao haurudi. Futa kila lulu kwa kitambaa chenye unyevu wa maji matupu, au sabuni laini iliyopunguzwa sana, kisha ulaze mkufu juu ya taulo mpaka uzi ukauke. Usiutundike ukiwa umelowa, uzi utavutika.

Shanga ni za kioo, plastiki, mbao au mbegu, na uzi wake ndio wa kuhurumiwa. Za kiunoni zinapata jasho, mafuta ya mwili na unga wa poda, kwa hiyo zinahitaji kuoshwa mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Za kioo zisugue kiganjani kwa povu la sabuni, suuza haraka, zitandaze. Za mbao na mbegu usiziloweke kamwe. Zitavimba na kupasuka. Uzi ukianza kuonyesha nyuzi nyuzi, tunga upya kabla haujakatika. Soko la Ujiji katika karne ya 19 lilikuwa likitumia shanga kama fedha ya kununulia vitu vidogo, ziliitwa sofi, kwa hiyo kuzikimbiza shanga sakafuni ni kazi ya zamani mjini hapa.

Katika mawe, almasi, rubi na yakuti zinavumilia sabuni na mswaki. Tanzanaiti isipelekwe kwenye maji ya moto wala kutolewa kwenye joto na kutiwa kwenye baridi, inaweza kupasuka ndani. Zumaridi nyingi zimetiwa mafuta kiwandani kuficha nyufa; ukiziloweka kwenye sabuni, mafuta yanatoka na nyufa zinaonekana. Feruzi inanyonya kila kitu, hata mafuta ya nywele, nayo ni ya kitambaa kikavu au chenye unyevu kidogo.

Za kuchovya na za stili

Mapambo mengi yanayouzwa sokoni Mwanga na Kibirizi ni haya, na hayana aibu yoyote, ila yana masharti. Za kuchovya zifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kila ukizivua, usingoje zichafuke, kwa sababu kila kusugua kunapunguza tabaka. Soda, ndimu, majivu na foili hazina nafasi hapa. Stili ni rahisi kuliko zote: sabuni, mswaki, suuza, kausha.

Visivyostahili kukaribia mapambo

Jiki ndiyo mbaya kuliko vyote. Klorini yake inashambulia madini yaliyochanganywa na dhahabu, inadhoofisha vikucha na maungio, na dhahabu ya karati ndogo na dhahabu nyeupe ndizo zinazoumia zaidi. Siku ya kufua nguo nyeupe, pete ivuliwe kwanza. Na usithubutu kuchanganya jiki na ndimu au siki ukitafuta dawa kali. Mchanganyiko huo unatoa hewa ya sumu.

Dawa ya meno ina chembe za kusugulia meno, na meno ni magumu kuliko dhahabu na fedha. Inang'arisha, ni kweli, kwa kukwangua. Majivu ya kuni ni hivyo hivyo, mazuri kwa sufuria. Soda ya kola ni asidi yenye sukari, utabaki na kazi ya kuosha soda.

Kuchemsha dhahabu yenye mawe kwenye sufuria ni kamari. Na pete iliyogeuka nyeupe kwa kugusa zebaki, jambo linalowapata watu wanaokaa karibu na wachimbaji wadogo au waliovunja kipimajoto cha zamani, isichomwe jikoni ili zebaki itoke. Mvuke wa zebaki ni sumu kwa kila aliyemo chumbani. Ifunge kwenye chupa, upeleke kwa fundi ukimwambia mapema kilichotokea.

Kuvaa, kuvua na kuhifadhi

Jipake mafuta, jipulizie manukato, funga kilemba, halafu vaa dhahabu. Unapovua, anza na hiyo hiyo. Kwenda kuogelea ufukweni Jakobsen au kufua pembeni mwa ziwa, acha pete nyumbani. Kidole kilicholowa sabuni hakishiki kitu, na chini ya maji hakuna wa kukuokotea.

Kila pambo likae kwenye kifuko chake. Almasi inachora dhahabu, dhahabu inachora lulu, mkufu unajifunga na kila kitu. Silva ifungwe kwenye mfuko wa plastiki uliobanwa hewa itoke, pamoja na kipande cha chaki cha kunyonya unyevu, hasa miezi ya masika. Usiifunge kwa rababendi: mpira una salfa, na utakuta mstari mweusi pale ulipokaa.

Kuosha dhahabu ya kila siku mara moja kwa wiki mbili kunatosha kwa mpishi. Kwa asiyeingia jikoni, mara moja kwa mwezi. Yaliyobaki ni ya sonara: jiwe lililolegea, kikucha kilichoinuka, kifungio kisichobana, weusi usiotoka kwa sabuni kwenye dhahabu. Pita mchana, omba ipimwe gramu mbele yako kabla na baada, na kaa pale pale mpaka amalize. Sonara mwema haoni vibaya ukikaa. Mwambie pia kama unataka kuoshwa tu au kung'arishwa kwa mashine, kwa sababu mashine inakwangua dhahabu kidogo kila inapopita, na pete nyembamba ya bibi haitakiwi kupitishwa humo kila Idi.